Mets walinunua mlango wa nakshi na paa likivuja

Usiku wa Jumapili, tarehe 28 Septemba, simu yangu iliita nikiwa nishapanda kitandani. Alikuwa mtoto wa kaka yangu anayeishi Queens, New York. "Ami, uko macho? Kaa na mimi kidogo, mechi hii siwezi kuitazama peke yangu." Akaielekeza simu kwenye televisheni yake, na mimi nikakaa barazani na shuka langu, nikitazama besiboli hadi saa saba za usiku.

Ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Timu yake, New York Mets, ilikuwa Miami ikicheza na Marlins. Walikuwa wakigombea nafasi moja ya mwisho ya kuingia mchujo na Cincinnati Reds, ambao saa ileile walikuwa Milwaukee. Reds walifungwa na Milwaukee Brewers 4-2. Maana yake mlango ulikuwa wazi kabisa. Mets walihitaji kushinda mechi moja tu, dhidi ya timu iliyokuwa haina tena cha kugombania. Wakafungwa 4-0. Timu zote mbili zikamaliza na ushindi 83 na vipigo 79, lakini kwa kuwa Reds walikuwa wamewashinda Mets mara nyingi zaidi walipokutana wao kwa wao, Reds wakaingia na Mets wakaenda nyumbani.

Kijana hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo tangu siku ile hajaacha kuniuliza: "Ami, huyu Stearns afukuzwe ama asifukuzwe?"

Najua wengi wenu mwaijua Arsenal na Manchester United kuliko mwaijuavyo Mets. Lakini swali la mpwa wangu si geni kwetu. Kila Jumatatu asubuhi, penye kahawa na mahamri, twahukumu watu waliochagua kikosi, waliosajili na walioacha kusajili. Twahukumu kwa matokeo: aliyeshinda ana akili, aliyeshindwa ni mjinga. Mimi nataka kulichukua jambo hili la Mets polepole, kwa sababu naona liko wazi kuliko mengi, na kwa sababu fedha zilizotumika ni nyingi mno kuachia neno "bahati mbaya" lipite hivihivi.

Mchezo wenyewe na kazi ya huyu bwana

Kwa asiyefuatilia, besiboli ni binamu wa ile kriketi inayochezwa Mombasa Sports Club. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo. Mechi ina awamu 9. Msimu una mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Mrushaji anayeanza mechi hutarajiwa kwenda awamu 5 au 6, kisha warushaji wa akiba huingia mmoja mmoja kumalizia. Aliyeanza leo hupumzika siku 4 au 5 kabla ya kurudi. Kwa hivyo timu huhitaji warushaji wa kuanza watano au sita walio wazima kwa miezi sita. Hao ndio paa la nyumba. Paa likiwa zima hakuna anayelitazama. Likianza kuvuja, hata kitanda cha mninga hakilaliki.

Kocha wa benchi katika mchezo huu huitwa meneja, na kwa Mets mwaka 2025 alikuwa Carlos Mendoza. Lakini anayeamua nani anunuliwe, nani auzwe na nani apandishwe kutoka timu za vijana yuko juu yake. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya meneja mkuu. Siku hizi katika klabu nyingi aliye juu kabisa huitwa rais wa shughuli za besiboli, na kwa Mets ni David Stearns.

Stearns si mgeni wala mbabaishaji. Alikulia Manhattan akiwa shabiki wa Mets. Alijijengea jina Milwaukee, klabu ya mji mdogo isiyo na fedha nyingi, ambayo chini yake iliingia mchujo miaka minne mfululizo, 2018 hadi 2021. Tajiri Steve Cohen akamleta New York mwishoni mwa 2023. Mwaka wake wa kwanza, 2024, aliokota warushaji ambao wengine waliwapa mgongo. Sean Manaea alimpa mkataba wa miaka 2 kwa dola milioni 28, na Luis Severino mwaka mmoja kwa milioni 13. Wote wawili wakawika. Mets walishinda mechi 89 na wakafika hatua ya mwisho kabla ya fainali kuu, wakatolewa na Los Angeles Dodgers. New York nzima ikamwita mjuzi.

Kipimo changu, na nilikokipata

Kabla sijahukumu, niseme nilikopata kipimo ninachotumia. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katibu wa timu ya mtaani kwetu katika ligi ya usiku ya Ramadhani. Fedha za usajili tulizitia karibu zote kwa mshambuliaji mmoja mkali, tukabaki na kipa mmoja tu. Robo fainali kipa akaumia mkono, tukamweka beki golini, tukachapwa matatu. Mimi nilijitetea kwa watu: bahati mbaya, nani angejua? Mke wangu akanikumbusha kwamba yule kipa alikuwa amekuja nyumbani wiki mbili kabla, kutaka dawa ya kuchua, mkono umemvimba. Nilijua. Niliona nikanyamaza kwa sababu tulikuwa tukishinda.

Toka siku hiyo, mtu yeyote anayechagua kikosi humuuliza jambo moja: siku uliyoamua, ulikuwa unajua nini? Lililokuja baadaye bila kuonekana ni bahati. Lililokuwa mbele ya macho yako ni lako wewe. Kwa Stearns, kuna siku tatu za kumpima hivyo.

Siku ya kwanza: Desemba 2024

Mwezi huo Mets walimsajili Juan Soto kutoka kwa majirani zao Yankees kwa miaka 15 na dola milioni 765. Hakuna mkataba mkubwa kuliko huo katika historia ya besiboli. Kwa hela zetu ni karibu shilingi bilioni 99, zaidi ya bajeti ya mwaka ya kaunti yoyote hapa Pwani. Wako wanaosema hapo ndipo palipoharibika. Mimi sikubaliani nao. Soto alipiga mipira 43 iliyovuka uzio na akaiba vituo 38. Francisco Lindor alipiga 31 na akaiba 31. Pete Alonso alipiga 38. Wapigaji wale wakuu walifanya kazi yao. Mlango wa nakshi ulikuwa mlango kweli.

Tatizo lilikuwa kwenye paa. Severino aliondoka kwenda Athletics kwa miaka 3 na milioni 67. José Quintana, mrushaji mkongwe wa kutegemewa, aliachwa aende, akaishia Milwaukee kwa mshahara mdogo na kuwashindia mechi 11. Badala yao Stearns alirudia mbinu ya mwaka uliopita, ya kutafuta wenye kasoro na kuwatengeneza. Frankie Montas alipewa miaka 2 kwa milioni 34, naye alikuwa ameshapasuliwa bega mwaka 2023. Clay Holmes alipewa miaka 3 kwa milioni 38. Huyu alikuwa mrushaji wa kumalizia mechi kwa Yankees, na hakuwa ameanza mechi ya ligi kuu tangu 2018. Griffin Canning alichukuliwa kwa mwaka mmoja, akitoka msimu ambao wapinzani walipata mbio 5.19 kwa kila awamu 9 alizorusha, na wastani ukipita 5 mrushaji ana shida. Manaea akarudishwa kwa miaka 3 na milioni 75, akikaribia kutimiza miaka 33.

Hapa haki yataka tutazame waliokuwa sokoni kwa bei kubwa. Max Fried alikwenda Yankees kwa milioni 218, akashinda mechi 19. Corbin Burnes, aliyekuwa mchezaji wa Stearns huko Milwaukee, alikwenda Arizona kwa milioni 210, na kufika Juni alikuwa hospitalini akipasuliwa kiwiko. Blake Snell alikwenda Dodgers kwa milioni 182, akakaa nje miezi kwa maumivu, kisha akarudi akang'ara kwenye mchujo. Watatu hao walikuwa na hatima tatu tofauti. Mwenye kusema kwamba kumnunua ghali ndiyo dawa, Burnes amjibu.

Kwa hivyo kosa la Desemba sikulioni katika jina moja moja. Kila mmoja wa wale wanne alikuwa na hoja ya kumchukua. Holmes hata alifaulu: alishinda mechi 12 na kurusha awamu zaidi ya 160. Kosa lilikuwa kuzikusanya kamari za aina moja mahali pamoja. Nahodha wa jahazi anaweza kusafiri na kamba moja iliyoungwa, akaomba salama. Akifunga tanga kwa kamba nne zote za kuungwa, huyo hategemei tena ufundi. Na mwenye fedha za kununua mlango ule hakuwa na dharura ya kuokoteza kamba. Mbinu ya Milwaukee ilizaliwa kwa sababu ya ufukara. New York ilikuja nayo kama kwamba ni sera.

Hata hivyo, kama ningekuwa jaji wa Desemba pekee, ningempa nusu. Mwaka mmoja nyuma mbinu ile ilimletea sifa, na si rahisi mtu kuitilia shaka mbinu iliyompa sifa.

Juni: hapa ilikuwa bahati

Msimu ulianza vizuri hadi ikawa kama ndoto. Tarehe 12 Juni Mets walikuwa na ushindi 45 na vipigo 24, rekodi bora kuliko timu yoyote katika ligi nzima. Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na hii ilipasuka siku hiyohiyo. Kodai Senga, Mjapani aliyekuwa akiongoza ligi kwa wastani wa mbio 1.47, alikimbilia kituo cha kwanza kupokea mpira uliorushwa juu na Alonso. Akaruka, akatua vibaya, msuli wa paja ukamkataa. Wiki mbili baadaye Canning, aliyekuwa amewashangaza watu kwa kushinda mechi 7, alikatika mshipa wa kisigino uwanjani bila kuguswa na mtu. Tylor Megill naye kiwiko. Manaea hakuwa amerusha mpira hata mmoja tangu msimu uanze, na Montas alichelewa hadi mwisho wa Juni.

Nani wa kulaumiwa kwa paja la Senga? Hakuna. Kisigino cha Canning? Hakuna. Mpwa wangu huyaweka yote haya kwenye hesabu ya Stearns, nami humkatalia. Ukianza kumdai mtu hadi ajali za Mola, hutamdai tena sawasawa yale yaliyo yake.

Lakini ajali hizo zilikuwa na faida moja: zilitokea mapema. Zilimpa mwenye nyumba wiki saba za kutazama dari.

Siku ya pili: 31 Julai

Hiyo ndiyo tarehe ambayo soko la kubadilishana wachezaji lilifungwa mwaka 2025, na kwangu ndiyo siku ya kesi yenyewe.

Tarehe 27 Julai Mets walikuwa wameshinda mechi 7 mfululizo na walikuwa juu ya kundi lao, ushindi 62 kwa vipigo 44. Ukitazama msimamo tu, hakuna shida. Ukitazama paa, David Peterson alikuwa karibu peke yake. Wiki kwa wiki zilipita bila mwingine kufika mwisho wa awamu ya 6. Holmes alikuwa anarusha awamu nyingi kuliko alivyowahi kurusha katika mwaka wowote wa ligi kuu. Montas alikuwa anapigwa. Senga na Manaea walikuwa wamerudi tangu katikati ya Julai, lakini kurudi uwanjani ni jambo moja na kuwa mzima ni jambo jingine. Mrushaji wa kuanza akitoka awamu ya 4 au ya 5 kila siku, wale wa akiba hufanya kazi mara mbili, na kufika Septemba mikono yao ni mitupu.

Stearns alifanya nini? Alileta watu wanne. Gregory Soto na Cedric Mullins walitoka Baltimore, Tyler Rogers alitoka San Francisco, na Ryan Helsley alitoka St. Louis. Watatu ni warushaji wa akiba, na Mullins ni wa ulinzi wa nyuma. Mrushaji wa kuanza hakuja hata mmoja.

Siku hizohizo wengine walikuwa sokoni wakinunua. Merrill Kelly alikwenda Texas. Shane Bieber, aliyekuwa bado anapona kutokana na upasuaji, alikwenda Toronto, na Toronto wakafika fainali kuu. Zack Littell alikwenda Cincinnati. Ndiyo, Reds haohao waliokuja kuichukua nafasi ya mwisho kwa tofauti isiyojaa mkononi. Littell si nyota. Ni mrushaji wa kawaida anayekuja kazini kila siku ya zamu yake. Mwenye tofauti ya mechi moja hahitaji nyota, ahitaji mtu wa zamu.

Sasa tumsikilize upande wake. Bei zilikuwa juu, na wauzaji walitaka vijana bora wa Mets. Hesabu yake ilikuwa kwamba Senga na Manaea ndio usajili wake mpya, na kwamba akiimarisha wanaomalizia mechi, wanaoanza watapunguziwa mzigo. Si hoja ya mpumbavu. Na kuhusu Helsley naomba tuwe waadilifu: huyu mwaka 2024 alifunga mechi 49 kwa ushindi, zaidi ya mrushaji yeyote wa ligi kuu. Alipofika New York wapinzani walimpiga kwa wastani wa mbio 7.20. Hilo halikuonekana na mtu yeyote siku ya kumnunua. Mullins kupiga .182, yaani chini ya mara 2 kwa kila 10, nalo pia silitii kwenye shitaka. Rogers alifanya vizuri tu.

Shitaka langu ni moja. Tarehe 31 Julai hakuwa na haja ya kubashiri kwamba paa linavuja. Maji yalikuwa sakafuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye alinunua ndoo tatu za kukingia matone. Kamari ya Desemba ilikuwa bado ni kamari, lakini ya Julai ilikuwa kukataa kuona. Na sababu, nadhani, ni ileile iliyonifanya mimi ninyamazie mkono wa kipa: timu ilikuwa inashinda.

Kutoka 62-44 Mets walimaliza msimu kwa ushindi 21 na vipigo 35. Septemba walifungwa mechi 8 mfululizo. Senga, aliyekuwa akiongoza ligi Juni, mwezi huo alishushwa timu ya daraja la chini. Mechi ya mwisho kule Miami, msimu mzima ukiwa mezani, aliyeanza kurusha alikuwa Manaea, ambaye wastani wake wa mwaka ulikuwa umepita 5. Awamu ya 4 Marlins walipata mbio zote nne. Awamu iliyofuata Alonso alikuta vituo vyote vimejaa, akaupiga mpira kwa nguvu, ukaenda moja kwa moja mikononi mwa mlinzi. Mpwa wangu bado anauota.

Vijana: sifa yake, na nusu yake

Kuna jambo moja alilolifanya vyema na wanaomtukana hawalisemi. Hakuwauza vijana wake bora. Nolan McLean alipandishwa 16 Agosti, akashinda 5 na kufungwa 1, kwa wastani wa 2.06. Wakafuata Jonah Tong na Brandon Sproat. Klabu ambayo ingekubali kumtoa McLean kwa ajili ya miezi miwili ya mkongwe ingekuwa inalia leo kilio kikubwa zaidi.

Lakini sifa hiyo ina pande mbili. Kwanza, vijana hao watatu waliingia klabuni kabla ya Stearns kukabidhiwa ufunguo, aliwakuta shambani. Pili, kutomuuza McLean na kutonunua mrushaji wa kuanza si jambo moja. Littell hakugharimu McLean. Na kama kijana alikuwa tayari hivyo katikati ya Agosti, mtu ana haki ya kuuliza kwa nini hakuitwa wiki mbili tatu mapema, wakati Montas anaendelea kupigwa. Katika hesabu ya kukosa mchujo bila hata tofauti ya mechi moja, wiki mbili ni nyingi.

Siku ya tatu: baada ya matanga

Asubuhi ya pili yake tajiri Cohen aliwaomba radhi mashabiki hadharani, akikiri kwamba wao walitimiza wajibu wao na klabu haikutimiza. Ilikuwa haki yao: watu zaidi ya milioni 3 walikwenda Citi Field mwaka 2025. Stearns naye alikaa mbele ya waandishi, akasema lawama inaanzia kwake na kwamba timu lazima iboreshe uzuiaji wa mbio. Nilimheshimu kwa hilo. Wakubwa wangapi mwawajua wanaosema neno hilo?

Kisha wiki ileile benchi la makocha likafagiliwa. Jeremy Hefner, kocha wa warushaji tangu 2020, akaonyeshwa mlango. Waliofundisha wapigaji nao wakaondoka. Mendoza akabaki. Hapa heshima yangu ilipungua kidogo. Hefner huyu ndiye aliyewatengeneza Manaea na Severino mwaka 2024, sifa zikaenda ghorofani. Mwaka 2025 aliletewa kamba za kuungwa, zikakatika, na lawama ikashuka kwa fundi. Kusema "lawama ni yangu" ni rahisi pale malipo yanapotoka mfuko wa mwingine.

Na katikati ya Desemba 2025, New York ikawaka tena. Brandon Nimmo, aliyekuwa na klabu tangu 2011, amebadilishwa na Marcus Semien wa Texas. Edwin Díaz, mfungaji wa mechi, amekwenda Dodgers kwa miaka 3 na milioni 69. Alonso, mwenye rekodi ya klabu ya kupiga mipira nje ya uzio, amekwenda Baltimore kwa miaka 5 na milioni 155. Amekuja Devin Williams, aliyekuwa na Stearns huko Milwaukee, kumalizia mechi. Mpwa wangu alinitumia picha ya fulana ya Alonso imekunjwa ndani ya begi, bila maneno.

Naelewa uchungu huo. Lakini nilimjibu hivi: usimhukumu kwa machozi. Alonso ana miaka 31, na mwaka wa tano wa mkataba ule huenda Baltimore wakaujutia. Kumwacha aende huenda kukawa busara. Lakini uamuzi huo wataka utazamwe pamoja na jambo jingine: fedha zilizobaki zinakwenda wapi? Hadi katikati ya Desemba 2025, hakukuwa na mrushaji wa kuanza aliyeongezwa. Dodgers walichukua ubingwa wa mwaka 2025, na kabla ya fainali waliwatoa Brewers wa Milwaukee 4-0. Hao Brewers ndio waliokuwa na rekodi bora ya msimu mzima, ushindi 97. Dodgers waliwafunga kwa warushaji wao wa kuanza, akiwemo Yoshinobu Yamamoto, ambaye Mets nao walimtaka mwaka 2023 wakamkosa. Somo liko wazi, na limesomwa mbele yake Stearns kwa sauti, na timu aliyoijenga yeye mwenyewe ndiyo iliyotumiwa kama mfano ubaoni.

Hukumu yangu

Kwa hivyo nimjibu kijana. Asifukuzwe. Mtu aliyeijenga Milwaukee kwa senti, akaifikisha New York hatua moja kabla ya fainali kwa mwaka wa kwanza, hafukuzwi kwa msimu mmoja ambao nusu yake ni misuli iliyokatika. Ukimfukuza, anayekuja atajifunza jambo moja tu, kuogopa, na mwenye kuogopa huuza vijana.

Lakini kosa lake litajwe kwa jina na tarehe. Si Soto, si Helsley, si Senga, wala si Alonso. Ni 31 Julai, aliposimama ndani ya nyumba, maji yamemfika kwenye vifundo, akaamini kwamba mvua itakatika yenyewe. Akilikubali hilo, tutaliona kwenye mikataba ya miezi hii miwili ijayo. Warushaji wawili wa kuanza, angalau mmoja asiye na kovu jipya. Akifika Machi bila hao, akituletea tena Montas mwingine na hadithi ya kumtengeneza, hapo mpwa wangu aanze kuandika bango lake, nami nitamtumia kalamu.

Kuhusu sisi huku, ligi ya Ramadhani si mbali. Wamenirudishia ukatibu, sijui kwa kusahau ama kwa kusamehe. Juzi tumekaa kuandika majina, na kabla ya kumtaja mshambuliaji hata mmoja, nimeandika makipa wawili. Mmoja wao nimemwambia anyooshe mikono yote miwili mbele yangu, nikaitazama.